Uzi wa Fundi Ramis

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu. Jiko jipya la Nefie lilinuka mbuzi aliyenyeshewa, na katika nyumba ile hakuna aliyefuga mbuzi tangu mama mkwe wake, Bi Rukie, alipokuwa na meno yote. Nefie alifungua dirisha, akapiga deki kwa maji ya siki, akachemsha majani ya mnanaa jikoni asubuhi nzima. Harufu ilikaa palepale kwenye kona, karibu na dirisha.

Kisha maziwa yakagoma. Kila jioni aliyapasha moto, akatia kijiko cha mtindi wa jana, akakifunika chungu kwa blanketi kama walivyofanya mama zake wote. Asubuhi akifunua anakuta maji. Mwanamke wa milima ya Rodopi ambaye maziwa yake hayagandi hana uso wa kuwaonesha majirani, kwa hiyo Nefie akawa ananunua mtindi wa dukani kwa siri na kuumimina kwenye chungu kabla Bi Rukie hajaamka.

Halafu ukaja ufa. Ulianzia sakafuni, kwenye kona ileile, ukapanda taratibu juu ya plasta mpya, na ulipofika usawa wa kichwa cha mtoto wa kike ukasimama. Haukukata kulia wala kushoto. Nefie akampigia simu fundi.

Hapa lazima nimseme Fundi Ramis, na nitajaribu kumsema kwa haki ingawa kazi yenyewe ni ngumu. Babu yake ndiye aliyejenga nusu ya nyumba za mawe za kijiji kile, hii ikiwemo, na watu walimpa Ramis kazi kwa jina la babu, utadhani ufundi unarithiwa pamoja na pua. Alikuwa mcheshi, ana mwanya kati ya meno ya mbele, na akiwa kazini alivuta sigara na kupiga mluzi kupitia mwanya huo. Alijua wimbo mmoja tu, wa harusi, na hakuwahi kuufikisha mwisho, kama kazi zake zote. Mafundi wa kweli wa kijiji walikuwa ughaibuni wakijenga nyumba za watu. Shaban, mume wa Nefie, alikuwa mmoja wao. Ujana wake wote uliishia Ujerumani akinyoosha kuta za wageni ili nyumba ya marehemu baba yake isimame, na huku nyuma nyumba hiyo ikaangukia mikononi mwa Ramis.

Nefie alikuwa ametaka dirisha kubwa tu, aone bonde akiosha vyombo. Ramis alikuja na nyundo, akasema kitu kidogo hicho, na badala ya kupanua dirisha pale alipooneshwa akachimba mpaka kwenye kona ya nyumba, kwenye jiwe linalobeba kila kitu, akaling'oa. Nyuma ya jiwe palikuwa na kishimo, na ndani ya kishimo kamba nyeusi ya manyoya ya mbuzi, imekunjwa vizuri. Ramis aliivuta, akafungia gunia la kifusi, na gunia likaenda kutupwa korongoni pamoja na mengine. Nefie aliliona jambo hilo kwa macho yake na hakuwaza lolote. Bi Rukie siku hiyo alikuwa kwa dada yake.

"Ufa?" Ramis alisema kwenye simu. "Hiyo plasta inakauka tu, shemeji. Usijali. Kesho namaliza."

Alikuja wiki iliyofuata, akapaka plasta, akapiga mluzi, akaondoka. Ufa ukarudi, kimo kilekile. Akarudi tena, akapaka tena. Baada ya hapo hakupokea simu. Ghorofani milango ikaacha kufunga. Mirem, binti yao wa pekee, aliyezaliwa wakati watu walishaacha kuuliza, aligundua mchezo: anaweka kokwa ya jozi sakafuni na kokwa inabingirika yenyewe mpaka kwenye kona ya jiko. Alicheka sana. Nefie hakuona cha kuchekesha.

Jioni moja walikuwa mezani, Nefie, Mirem na Bi Rukie, wanakula maharage, jua bado liko mlimani. Ndani ya ukuta kitu kikalia: kling. Kikatulia. Kling tena, sauti ya chuma chembamba kikigonga bati, kama mkono wa ndoo unapolegea mtu akitembea. Ikaanzia kwenye kona, ikapita nyuma ya jiko, ikarudi kwenye kona.

Bi Rukie akaweka kijiko chini.

"Mirem, nenda kamwangalie paka nje," alisema. Mtoto alipotoka, alimgeukia mkwewe na kuteremsha sauti. "Ramis alipofungua ile kona alikuta nini?"

"Mawe, mama."

"Na nini kingine?"

Nefie alifikiri. "Kikamba. Cha manyoya."

"Kiko wapi?"

"Alifungia gunia la kifusi."

Bi Rukie alifumba macho. Kisha alieleza kwa ufupi, akiangalia mlango. Zamani, mafundi wa milima ile walikuwa hawaachi jengo mikono mitupu. Walimvizia mtu juani, wakapima kivuli chake kwa uzi bila yeye kujua, na uzi ule wakauzika kwenye kona. Mtu huyo hakufika mbali. Theluji ikianguka naye keshazikwa. Roho yake ndiyo iliyobaki kuishikilia nyumba. Walimwita talasimu, mlinzi wa nyumba. Nyumba hii ilijengwa juu ya kivuli cha msichana aliyekuwa akipita na ndoo ya maziwa. Alikaa kwenye kona yake miaka yote hiyo bila kumsumbua mtu, tetemeko lilikuja na chungu hakikuanguka.

"Na sasa?"

"Sasa ametolewa kitandani. Unadhani atafanya nini? Anatembea."

Bi Rukie hakungoja. Alimtumia Ramis salamu kupitia kwa kila aliyepita barabarani: aje airekebishe kona, la sivyo Ijumaa atasimama nje ya msikiti awaambie watu babu yake alifanya nini na wasichana wa watu. Ramis, ambaye simu zilikuwa zimeshindwa kumleta, safari hii alikuja siku hiyohiyo. Wanawake walikuwa shambani wanachimba viazi. Waliporudi walikuta kona imejazwa zege, imelainishwa, na fundi keshaondoka.

Na ukuta ukapona. Ufa haukuonekana tena. Milango ya ghorofani ikafunga, kokwa za jozi zikatulia zilipowekwa, harufu ya mbuzi ikaisha, na asubuhi moja Nefie alifunua blanketi akakuta mtindi mzito, kijiko kinasimama. Alikaa chini akalia kidogo kwa furaha. Hata alimsema vizuri Ramis kwenye simu na mumewe.

Mirem ndiye aliyebadilika. Alianza kwa kusema anasikia baridi, na ilikuwa bado majira ya joto. Akaacha kucheza uani. Alipenda kukaa kwenye kona, mgongo umeegemea zege, na akiitwa alichelewa kuitika, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha mbali. Daktari wa mjini alimpima damu, akasema damu ni nzuri, ampe matunda. Nefie alimpa matunda. Mtoto alizidi kupungua, na siku moja walipokuwa wanatoka dukani, jua linawapiga usoni, Nefie aligeuka nyuma kumhimiza, akaona chini kivuli chake mwenyewe, cheusi, kirefu, kinamfuata kama kawaida, na pembeni yake, mahali ambapo kingekuwepo cha mtoto, palikuwa na kitu hafifu cha rangi ya maji yaliyooshea vikombe, kinachokatika katikati na kuungana tena, na kila Mirem alipoinua mguu, kutoka mahali pasipokuwa na ndoo wala mtu, kulisikika kling.

Alimbeba mpaka nyumbani. Alimbeba kama mtoto mchanga, na uzito wake ulikuwa wa mtoto mchanga.

"Mirem, mama," alimwambia akimvua viatu, "siku fundi alipokuja, sisi tukiwa shambani, alikufanya nini?"

"Hakunifanya kitu. Alinipa chokoleti."

"Akasema nini?"

"Alisema nisimame kwenye jua nisitikisike. Akanipima na uzi wa bluu. Lakini hajui kupima, mama. Alipima chini."

Nefie alimkuta Ramis kwenye mgahawa wa kahawa mbele ya msikiti, anacheza karata. Alimwita pembeni. Hakupiga kelele, hasira yake ilikuwa imepita kiasi cha kelele.

"Umezika nini kwenye ukuta wangu?"

Ramis alicheka, kisha akaangalia kama kuna anayesikiliza. "Shemeji, na wewe umesoma halafu unaamini hadithi za mabibi."

"Umepima kivuli cha mwanangu."

"Mlitaka ukuta usimame." Alishusha sauti. "Haukusimama? Babu alifanya hivyohivyo, na nyumba zake zipo. Mtoto ndiye aliyekuwepo, nami nilikuwa na haraka, nina kazi nyingine ng'ambo ya mto. Kimo chake kililingana na ufa."

"Njoo uutoe. Leo."

"Nikiutoa nyumba inawaangukia kichwani, na Shaban atanitafuta kwa shoka. Watoto wanaumwa, shemeji, wanapona. Nenda nyumbani. Kesho nakuja tuangalie."

Kesho hakuja, wala keshokutwa. Simu yake iliita tu. Mirem aliacha kula, na hata alipokaa karibu na dirisha mchana kweupe, ukutani nyuma yake hapakuonekana kitu.

Bi Rukie alimwita Imamu Jevdet, mzee mpole anayefuga nyuki. Alikaa na mtoto, akasoma, akamfutia maji ya zamzamu usoni. Kisha akaenda kwenye kona, akaweka kiganja kwenye zege, na alipokiondoa alikipangusa kwenye koti lake mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Wako wawili humu," alisema polepole. "Mmoja anataka kulala na mwingine hajui bado kwamba amelazwa. Uvunjeni ukuta mtoe uzi wa mtoto. Mimi nitasoma, yule wa kwanza atakwenda zake, amechoka maskini. Mtoto atapona."

"Na nyumba?" Nefie aliuliza.

"Nyumba itaanguka. Iacheni ianguke. Shaban anajua kujenga."

Imamu alipoondoka, wanawake wale wawili walibaki mezani.

"Mwanangu amezeeka kwenye kuta za Wajerumani kwa ajili ya nyumba hii," Bi Rukie alisema. Aliinuka, akatoa kwenye kasha manyoya ya mbuzi meusi, akakaa mlangoni na kuanza kusokota.

Nefie alimtazama mpaka alipoelewa anachosokota. Angeweza kumzuia. Angeweza kuiacha nyumba ianguke, alale kwa shemeji zake msimu mmoja, maisha yaendelee. Nalisema hili kwa sababu wapo waliokuja kusema hakuwa na njia nyingine. Njia alikuwa nayo, imamu alimwonesha. Lakini alimkumbuka Ramis akicheza karata, akasogeza kiti, akamshikia mama mkwe wake manyoya.

Kumleta Ramis haikuwa shida. Walimtumia salamu kwamba Shaban anataka kuongeza ghorofa nzima na paa jipya la mawe. Alikuja alasiri ileile, amenyoa, ana futi ya kupimia mfukoni na penseli sikioni. Jua lilikuwa limeinama upande wa bonde na kila kitu uani kilikuwa na kivuli kirefu.

"Hebu simama hapo, shemeji," Nefie alimwambia, "nioneshe paa litafika wapi."

Ramis alisimama. Akainua mikono, akachora paa hewani, akaeleza mabomba, akaeleza ngazi, akaahidi na baraza. Hakuwahi kujenga vizuri kama alivyojenga alasiri ile kwa mdomo. Nyuma yake Bi Rukie alikuwa ameinama, mkono mmoja kiunoni kama kizee anayeokota kuni, na kamba nyeusi ilikuwa inalala kimyakimya juu ya majani, kutoka kisigino cha fundi mpaka pale kichwa chake kilipoishia chini ya mti wa plamu.

"Ramis," Nefie alisema, akitamani mtu huyu aseme neno moja tu la kumwokoa, "ile kona. Ungenifungulia leo, kabla ya mengine yote. Nakuomba kwa ajili ya mtoto."

"Ile? Kitu kidogo hicho." Aliandika kitu mkononi kwa penseli. "Usijali, shemeji. Kesho namaliza."

Bi Rukie alikata kamba kwa meno aliyobaki nayo.

Asubuhi, Imamu Jevdet akisoma uani, Nefie alivunja kona mwenyewe kwa nyundo na patasi za mumewe. Zege la Ramis lilivunjika kirahisi kama mkate mkavu. Hata hilo hakuwa amelichanganya sawasawa. Uzi wa bluu ulitoka umelowa maji. Ghorofa ikalia juu ya kichwa chake, vumbi likamwagika, na wakati ule sauti ya ndoo ikapita karibu kabisa na sikio lake, ikavuka kizingiti, ikapita uani mbele ya imamu, ikateremka kuelekea mtoni, ikazidi kuwa ndogo, ikaisha. Imamu akamaliza aya, akanyamaza, akingoja nyumba ianguke. Nefie alikuwa amempa mgongo. Alitoa kifuani kamba nyeusi, akaisukuma ndani, akarudisha jiwe la zamani lililokuwa limebaki uani, akalikandika kwa saruji aliyoichanganya kama Shaban alivyomfundisha. Mbao zikaacha kulia. Nyumba ikasimama.

Imamu aliangalia ukuta, akamwangalia Nefie. Alichukua kofia yake akaenda kwa nyuki wake, na tangu siku ile akialikwa chakula kwenye nyumba ile husema amefunga.

Mirem aliamka akaomba mkate wa viazi wenye mnanaa, akala sinia nusu. Jioni alikuwa anamkimbiza paka uani, na kivuli chake kinamkimbiza yeye, cheusi, kizima. Nefie alikiangalia mpaka jua lilipozama. Alisema moyoni kwamba angefanya tena.

Ramis alifariki kabla ya theluji. Walimkuta kwenye kiti chake, kikombe cha kahawa mkononi, na watu walisema moyo. Nefie alipika halua akaipeleka msibani, akampa mkono mama yake Ramis, na mkono ule wa mama wa watu haujamtoka kiganjani mpaka leo.

Shaban alirudi majira ya baridi. Alilikagua jiko lote, akagonga kona kwa vidole, akamwambia mkewe kwamba hakuna fundi wa Ujerumani ambaye angeiziba vizuri zaidi. Walifurahi. Siku ya tatu alitoka kwenda kupasua kuni, na Nefie akabaki anaosha vyombo mbele ya dirisha lake, bonde lote jeupe. Akasikia harufu ya sigara. Shaban havuti.

Fremu ya dirisha ilikuwa imepinda. Si sana, kidole kimoja, na jana ilikuwa imenyooka. Aliangalia sakafu: kigae kimoja kimeinuka. Bomba lilikuwa linadondosha tone, na akiwa anasikiliza tone hilo akasikia nyuma ya plasta mwiko unakwaruza, taratibu, unapaka, unakwangua ulichopaka, unapaka tena, na juu ya mkwaruzo huo mluzi mwembamba wa mtu mwenye mwanya, wimbo wa harusi, ukipanda vizuri mpaka mahali ambapo bibi harusi anatoka nje ya mlango, ukikatika hapo, ukianza upya. Nefie alisimama na sahani mkononi, maji yakimtiririka mpaka kwenye viwiko, na alijua kwamba hilo ndilo atakalolisikia akipika, akila, akimsuka Mirem nywele, siku zote nyumba hii itakapokuwa imesimama, na itasimama, kwa sababu ameisimamisha mwenyewe.

Alisogea kwenye kona, akaweka mdomo karibu na ukuta.

"Ramis," alinong'ona. "Maliza uende. Nakuomba."

Mluzi ulinyamaza. Mwiko ukawekwa chini. Kutoka ndani ya jiwe sauti ikamjibu kwa upole, ya mtu asiye na haraka yoyote.

"Usijali, shemeji. Kesho namaliza."